Sikio na Jedwali: Sauti ya Neno na Cheo Chake katika Sarufi

Liko swali moja la sarufi ya Kiswahili ambalo limejibiwa mara nyingi na bado halijakwisha. Swali lenyewe ni hili: neno hujulikanaje kuwa ni la ngeli fulani au la aina fulani? Je, hujulikana kwa sauti yake, yaani kwa namna linavyoanza, linavyokwisha na linavyokazwa? Au hujulikana kwa jamaa zake, yaani kwa viambishi ambavyo neno hilo hulazimisha katika kitenzi na kivumishi? Wanaoshika jibu la kwanza hutegemea sikio. Wanaoshika la pili hutegemea jedwali. Wanafunzi wengi wa siku hizi wamelelewa na jedwali, na wengi wao hudhani kwamba sikio ni shahidi aliyekwisha kufukuzwa barazani. Yafaa hukumu hiyo ichunguzwe upya, na hapana mahali pazuri pa kuichunguza kuliko Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako Kiswahili na Kisukuma vinakaa nyumba moja, na ambako machimbo huzaa maneno mapya pasipo kungoja idhini ya kamusi.

Historia ya jambo hili si ndefu. Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, aliyapanga majina ya lugha za Kibantu kwa viambishi vyao vya mwanzo na kuvipa namba. Carl Meinhof akaipokea kazi hiyo na kuiendeleza. Hesabu yao ilikuwa hesabu ya maumbo: M- na WA-, M- na MI-, KI- na VI-, na kadhalika. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, alitafuta pia fikira zilizojificha nyuma ya kila ngeli, wala hakusahau lafudhi, maana hata jina la kitabu chake linataja mpando na mshuko wa sauti. Baadaye upepo ukageuka. Vitabu vya sarufi vilivyotungwa na Waswahili wenyewe, kikiwamo Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu cha M. C. Kapinga cha mwaka 1983, vilitia nguvu njia ya upatanisho. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikawazoesha wasomaji alama za mabano: [li-/ya-], [i-/zi-], [a-/wa-]. Tangu hapo jina, au nomino kama isemwavyo sasa, huulizwa kwanza kitenzi chake kabla halijaulizwa mwanzo wake.

Haki itendeke kwa jedwali, kwa kuwa lilikuja kwa sababu njema. Sikio peke yake haliwezi kueleza kwa nini tunasema "kiboko huyu amezama" na si "kiboko hiki kimezama", wala kwa nini "kipofu" na "waziri" hukaa na "mtu" meza moja. Uhai wa kitu hapa umeishinda sauti ya jina lake. Tena kuna maneno ambayo masikio ya wengi hayayatofautishi hata kidogo. "Paa" la nyumba lina wingi "mapaa". "Paa" wa porini wingi wake ni "paa". "Kaa" la moto huzaa "makaa"; "kaa" wa baharini habadiliki. Mwanafunzi wa Kahama au wa Katoro akiyasikia maneno haya pekee, bila sentensi, hana la kushika. Hapo jedwali humwokoa.

Lakini mtu akiuliza kwa nini hana la kushika, jibu lake ni la ajabu kidogo: alinyang'anywa. Katika lahaja za kaskazini ya mwambao, kama Kimvita na Kiamu, maneno hayo hayafanani. "Paa" la nyumba hutamkwa kwa "p" kavu. "Paa" wa porini hutamkwa kwa "p" yenye pumzi nyuma yake. "Kaa" la moto ni kavu. "Kaa" wa baharini ana pumzi. Pumzi hiyo si pambo la lafudhi. Ni kaburi la kiambishi cha ngeli ya N-, ambacho zamani kilikuwa sauti ya puani mbele ya p, t, k. Sauti ya puani ikapotea, pumzi ikabaki kuwa ukumbusho wake. Mmvita anayetamka "paa" kwa pumzi hutaja ngeli kwa sauti, hata kabla ya kutaja kitenzi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilipokwisha kusimamisha tahajia, pumzi hiyo haikupewa herufi. Basi ikatoka machoni, na kwa wengi ikatoka masikioni pia. Jedwali lilikuja kuziba pengo ambalo tahajia ilisaidia kulipanua.

Jambo ambalo wasomi wa pwani husahau ni kwamba sauti hii ina ndugu bara. Katika Kisukuma mtu ni "munhu", na watu ni "banhu". Mganda husema "omuntu", akahifadhi n na t zote mbili. Mswahili ameitupa n akabaki na t; Msukuma ameitupa t akabaki na n iliyojaa pumzi. Msiba ulikuwa mmoja, nao warithi wawili wamegawana mali ya marehemu: mmoja alichukua kipasuo, wa pili akachukua sauti ya puani, na pumzi wakaigawana. Msomaji wa Kiswahili asiyejua neno moja la Kisukuma hukutana na sauti hiyo katika ramani, anaposoma Bulyanhulu, penye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, au Mwanhuzi, mji wa Meatu uliokuwa katika mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Wageni wengi huisoma "nh" hiyo kama n tupu, wakaipita. Mwenyeji hawezi kuipita, kwa sababu kwake ni herufi ya maana.

Vivyo hivyo kwa "mwana". Kisukuma husema "ng'wana". Na yule mganga mashuhuri wa enzi za Wajerumani ambaye Waswahili humwita Mwanamalundi, kwao ni Ng'wanamalundi. Mabadiliko hayo hayakutokea popote tu katika neno. Yametokea penye kiambishi, pale ambapo "mu" hukutana na irabu. Mlango wa neno ndipo ngeli inapokaa, na ndipo sauti inapofanya kazi yake nzito zaidi. Mtoto wa Kisukuma, basi, haingii darasani bila elimu ya ngeli. Huingia na sikio lililokwisha kufundwa kusikiliza mwanzo wa jina.

Kama sikio lingekuwa limekufa kweli katika Kiswahili, maneno ya kigeni yangeingia bila kubadilishwa cheo. Sivyo yalivyoingia. Mwarabu alileta "kitab", neno moja lisilo na kiambishi; Mswahili akasikia ki-, akaunda "vitabu". Alileta "miswak" na "mismar", yote mawili umoja; Mswahili akasikia mi-, akaona ni wingi, akarudi nyuma kutafuta umoja wake: "mswaki", "msumari". Alileta "waqt", Mswahili akalisikia kama "wimbo" na "wembe", na kama vile "nyimbo" na "nyembe" akapata "nyakati". Hata "waya" ya Kiingereza ilipofika ilipewa wingi wa "nyaya". Katika mifano yote hii hapana maana iliyoita ngeli. Kitabu hakikuwa kidogo, wala mswaki haukuwa mti kwa sababu ya kuwa mti tu. Sauti ilisema, sarufi ikaitika.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Shinyanga na Geita ni neno lenyewe la mali yao: "madini". Kwa Kiarabu ni umoja. Kwa Kiswahili ma- yake ilisikika kuwa ni ya wingi, likaingia pamoja na "maji" na "maziwa": madini haya yamechimbwa. Nani atalitafutia umoja? Akiondoa ma- atabaki na "dini", naye atakuwa amepotea njia mbali sana na mgodi. Ndiyo maana msemaji anayetaka kutaja aina moja tu husikika akisema "madini hii", akikimbilia ngeli isiyo na kiambishi cha kusikika. Mwalimu humsahihisha, na kwa Kiswahili Sanifu ana haki. Lakini wasomi nao wasicheke upesi, kwa maana wao wenyewe hawajapatana kama waandike "makala hii" au "makala haya". Neno hilo nalo lilitoka Uarabuni likiwa umoja wenye ma-. Mchimbaji na profesa wamesimama mbele ya mlango mmoja, na wote wawili wanavutwa huku na sikio, huku na hesabu.

Tazama sasa msamiati wa machimbo madogo. Shimo la kushukia kwenye mwamba huitwa "duara", na mengi ni "maduara". Mashine ya kusaga mawe ni "karasha", na wingi ni "makarasha". Magogo ya kushikilia kuta za shimo ni "matimba". Mahali pa kuoshea na kuchenjulia ni "mwalo", wingi "mialo", neno ambalo wavuvi wa Ziwa hulitumia kwa ufuko wa kutia mitumbwi. Mchanga uliokwisha kuchenjuliwa ambao bado una chembe za dhahabu ni "marudio". "Zebaki", "almasi" na "dhahabu" hazibadiliki. Kila neno limepata makao yake, na hakuna baraza lililokaa kuyagawa.

Hata hivyo mfano wa "karasha" unadai uangalifu. Kisukuma kina kiambishi ka- cha udogo, na wingi wake tu-. Na Kiswahili cha bara husikika kikisema "katoto" na "tutoto". Kama sikio lingekuwa mfalme asiyepingwa, mahali penye Wasukuma wengi pangetarajiwa "turasha". Hapana asemaye hivyo. Mashine ile ni kubwa, ina kishindo, na Kiswahili Sanifu hakina ka- ya kuipokea; basi imekwenda kwenye ma-, penye vitu vikubwa vinavyohesabika. Kadhalika "chai" haikuzaa "vyai" ijapokuwa "chama" huzaa "vyama" na "cheti" huzaa "vyeti". "Kibla" haikuzaa "vibla". "Mashine" haikupoteza ma- yake ikabaki "shine". "Maskini" ana ma- naye ni mtu mmoja. Kwa hiyo sheria haiwezi kuwa kwamba sauti huamua. Sauti hupeleka posa. Maana na mazoea hukubali au hukataa. Wale waliodai kwamba umbo la neno linatosha walikosea, na jedwali lilikuwa na haki ya kuwasahihisha. Kosa la jedwali ni kudhani kwamba posa haikupelekwa.

Jambo hili si la majina tu. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu hukoma kwa -a: chimba, jenga, gomba. Vile vilivyotoka Uarabuni hukoma kwa irabu nyingine: jibu, samehe, fikiri. Tofauti hiyo ya sauti huonekana mara moja katika kukanusha, kwani "anachimba" huwa "hachimbi", lakini "anajibu" huwa "hajibu" tu. Mwisho wa neno pia hutenga mtenda na tendo. Kutokana na "gomba" hupatikana "mgomvi", ambapo b imelainika ikawa v mbele ya i; kutokana na "jenga" hupatikana "mjenzi". Kutokana na "chimba" wachimbaji walipata jina lao kwa -aji, mwisho usiobughudhi konsonanti. Umbo lile jingine, "mchimvi", limo katika kamusi, lakini ni jina la mtu mkorofi na mfitini. Badiliko dogo la sauti mwishoni mwa neno linatosha kumtenga mtu anayekula jasho lake na mtu anayevuruga wenzake.

Mkazo nao una sehemu yake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sheria hiyo huingia mpaka ndani ya sarufi. Mtu husema "anakula" na si "anala", kwa sababu -na- haiwezi kubeba mkazo, basi ku- huitwa kuja kuubeba. Lakini husema "akala" na "ale", penye viambishi viwezavyo kujibebea. Kwa sababu hiyo hiyo ya ufupi, nyumba huwa "pana" bila sauti ya puani mbele ya p, lakini huwa "mpya" yenye m, kwa kuwa -pya ni silabi moja na haiwezi kusimama yenyewe. Njia ipitayo magari ni "barabara", mkazo ukiwa mahali pake pa kawaida. Kazi iliyofanyika sawasawa imefanyika "barabara", mkazo ukirudi nyuma silabi moja. Herufi ni zile zile: moja ni jina, nyingine ni kielezi. Jedwali halina safu ya kuionyesha tofauti hiyo. Sikio huiona bila kusumbuka.

Na yale maneno ya kuigiza, "pu", "chubwi", "ndi", "pe", husimama kwa silabi moja au mbili bila kiambishi, bila wingi, bila upatanisho wowote. Jiwe likianguka majini "chubwi", au mlango ukifungwa "ndi", neno hilo halidai jamaa. Aina yake hujulikana kwa sababu limevunja desturi za sauti ambazo maneno mengine huzitii.

Sasa twaweza kuliona kosa lilipo. Wanaotenga upatanisho na sauti wametenga kitu kimoja. "Kiti changu kizuri kimevunjika": je, upatanisho huo ni nini kama si sauti inayorudiwa? Ki- ya jina imesafiri kutoka neno mpaka neno, ikafika kwenye kitenzi. Jedwali lenye mabano [ki-/vi-] ni orodha ya miangwi. Na pale ambapo maana imeingilia kati, mwangwi wa zamani haukufa wote. Mtu husema "rafiki yangu amefika" na "ndugu zangu wamefika". Kitenzi kimetii uhai. Kimilikishi bado kinatii ngeli ya N-, ile ile ambayo Mmvita huitaja kwa pumzi. Sentensi moja imetumikia mabwana wawili, na msemaji wala hatambui.

Kisukuma kinalionyesha hilo kwa namna ya pekee. Irvine Richardson, aliyechapisha mwaka 1959 uchunguzi wake juu ya kazi ya toni katika Kisukuma, alionyesha kwamba toni ya juu iliyo mali ya silabi fulani husikika mbele yake, aghalabu silabi ya pili kutoka pale ilipozaliwa, na kwa hiyo yaweza kuvuka mpaka wa neno. Herman Batibo naye aliipa lugha hiyo kitabu kizima mwaka 1985. Kwa Msukuma, basi, mali ya neno moja yaweza kusikika katika neno la jirani. Mtu mwenye lugha kama hiyo hahitaji kufundishwa kwamba neno halijulikani peke yake. Na hahitaji kufundishwa kwamba linajulikana kwa kusikilizwa. Mambo haya mawili, ambayo vitabu vimeyafanya mahasimu, kwake ni tendo moja.

Hasara ya ugomvi huu si ya wasomi peke yao. Katika madarasa ya Shinyanga na Geita, ambamo watoto wengi huja na Kisukuma, na wengine Kisumbwa au Kizinza, ngeli hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni orodha ya kukariri, iliyoletwa kutoka nje. Sikio la mtoto huhesabiwa kuwa ni chanzo cha makosa, lafudhi ya kuondolewa. "Katoto" hupigwa mstari mwekundu pasipo kuambiwa kwamba ni kiambishi halali cha lugha jirani. "Madini hii" hupigwa mstari pasipo kuelezwa kwamba mwandishi wake amekutana na fumbo lile lile linalowagawa wenye shahada. Mtoto hujifunza kuogopa neno badala ya kulisikiliza, na Kiswahili hupoteza mwanafunzi ambaye angekifahamu vizuri kuliko wengi, maana vitu alivyo navyo nyumbani ndivyo hivyo Kiswahili kilivyosahau.

Mashartti ya kutengeneza hayana gharama kubwa. Kamusi iyatie maneno ya pumzi alama, walau katika mabano, kama inavyotia [i-/zi-]. Msomaji wa bara asiyeyatamka atajua hata hivyo kwa nini "paa" na "paa" hazikuwa jina moja. Maneno ya machimbo yakusanywe kwa sauti na wingi wake kama wasemavyo wenyewe, kabla kamusi haijawaamulia. Mwalimu wa Kahama au wa Geita akifundisha M-WA aandike ubaoni "mtu, watu" na chini yake "munhu, banhu", kisha awaache watoto watafute wenyewe kilichobaki na kilichopotea. Jedwali lichorwe baadaye, siku ya pili, watakapokuwa wamekwisha kulisikia.